Chokaa Ipi? Kinachotokea Jiwe Linapoingia Tanuuni

Mtume mtoto dukani akanunue chokaa bila kumwambia ya kazi gani, uone atarudi na nini. Kuna chokaa ya kupaka ukuta. Kuna ya shambani, ile ya kupunguza tindikali ya udongo. Kuna ya kuchorea mistari ya uwanja wa mpira. Na kuna ile kidogo ya kwenye kikopo, inayopakwa juu ya jani la tambuu kabla ya popoo. Zote nyeupe, zote zinaitwa chokaa, na watu wengi huamini ni kitu kimoja, tofauti yake ni usagaji tu. Sivyo. Baadhi yake ni jiwe lililosagwa ambalo halijawahi kuona moto. Nyingine imepita tanuuni, ikamwagiwa maji. Na iko moja ambayo hutaikuta dukani kirahisi, na heri iwe hivyo, maana ukiishika kwa mkono uliolowa itakubabua.

Tuanze na jiwe lenyewe. Maji yakitoka Unguja, Lamu au Kilwa, ule mwamba mkali unaokata nyayo ni matumbawe ya kale. Viumbe vidogo vya baharini vilichota kalsiamu na kaboni majini, vikajijengea nyumba, vikafa, nyumba zikabaki zikirundikana. Kikemia nyumba hizo ni kalsiamu kaboneti, CaCO3: atomu moja ya kalsiamu, moja ya kaboni, tatu za oksijeni. Ganda la kombe ni hiyohiyo. Ganda la yai, marumaru, na mwamba unaochimbwa Wazo na Bamburi kulisha viwanda vya saruji, hiyohiyo. Kinachotofautiana ni mpangilio wa atomu na uchafu uliochanganyika. Matumbawe yaliyo hai huzipanga kwa mtindo uitwao aragonaiti, na mwamba wa zamani mara nyingi umeshageuka kalsaiti. Mchomaji hana haja ya kujali, kwa sababu aragonaiti ikipashwa moto hujigeuza kalsaiti ingali nyuzi 400 na kitu, mbali kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Kazi yenyewe ndiyo inayoeleweka vibaya. Hata watu waliosimama kando ya tanuu likiwaka hudhani moto unalikausha jiwe, au unalilainisha kama unavyolainisha muhogo ili lisagike kwa urahisi. Moto haufanyi hivyo. Unaling'oa hewa:

CaCO3 → CaO + CO2

Jiwe linagawanyika. Kalsiamu oksaidi inabaki, na hiyo ndiyo chokaa isiyozimwa, yaani ambayo bado haijatiwa maji, ile inayobabua. Hewa ukaa inaondoka. Ni hewa ileile tunayoitoa puani, ileile inayotoa povu kwenye soda, na hapa ilikuwa imekaa gerezani ndani ya jiwe kwa maelfu ya miaka.

Hesabu yake ni ya kidato cha tatu, lakini jibu lake hunishangaza kila nikiirudia. Kalsiamu ina uzito wa 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu. Jumla ni 100 kamili, kana kwamba imetungwa kwa ajili ya mtihani. Kalsiamu oksaidi inachukua 56, hewa ukaa 44. Kwa hiyo kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 tu za chokaa, na kilo 44 zinapotelea angani. Hewa hiyo ikipoa hadi joto la kawaida inajaza karibu lita 24,500. Jiwe gumu la kilo 100 lenyewe halifiki lita 40. Yaani kila lita ya jiwe ilikuwa imebana zaidi ya lita 600 za hewa.

Pamoja na kupoteza karibu nusu ya uzito, jiwe halibomoki. Likichomwa vizuri linatoka na umbo lilelile, hata vichoro vya matumbawe bado vinaonekana. Ukilinyanyua ndipo unashtuka, jepesi kama mkate uliokauka. Pale palipokuwa na hewa sasa pana vitundu visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo, kama tutakavyoona, ndivyo vinavyoamua ubora wa chokaa.

Watu walichoma chokaa kwa muda mrefu sana kabla ya kulijua hili. Waliojenga Husuni Kubwa pale Kilwa katika karne ya 14 waliichoma kwa wingi, na hawakuhitaji mlinganyo wowote. Huko Ulaya, mpaka katikati ya karne ya 18, maelezo yaliyokubalika yalikuwa kinyume kabisa cha ukweli: kwamba jiwe likiwa tanuuni linakunywa ukali wa moto, na ndiyo maana linatoka likibabua. Mtu asicheke haraka. Jiwe lilikuwa pole, likaingia motoni, likatoka kali. Nani asingesema kwamba limebeba moto?

Aliyeupindua mtazamo huo ni Joseph Black, aliyekuwa akisomea udaktari Edinburgh, na alilifikia jambo hili kwa njia ya pembeni. Madaktari wa wakati ule walitafuta dawa ya kuyeyusha mawe ya kibofu, na maji ya chokaa yalikuwa na sifa. Maprofesa wawili wa Edinburgh, Robert Whytt na Charles Alston, walikuwa kwenye ubishi mkali: je, maji ya chokaa ya maganda ya chaza yana nguvu kuliko ya mawe? (Mpwani angewaambia ni mamoja.) Kijana akaona si busara kuingia kati ya wazee wawili wanaobishana, akachukua magnesia, unga ulio ndugu wa chokaa, akaanza nao. Chombo chake kikubwa kilikuwa mizani. Akapima unga kabla ya kuuchoma, akapima baada, ukawa umepungua. Hapo hoja ya kunywa moto ikaingia matatani, maana anayekunywa hapungui uzito. Akarudia kwa chokaa, kisha akafanya jambo la akili zaidi: akairudishia chokaa hewa yake kwa kutumia chumvi ya alkali iliyokuwa na hewa hiyo ndani, akapata unga usiobabua, wenye uzito karibu uleule wa mwanzo. Hewa hiyo akaiita hewa iliyofungwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1756. Kumbe ukali wa chokaa hautoki motoni. Ni ukali wa kitu kilichonyang'anywa mwenzake na kinamtafuta.

Sasa, joto kiasi gani? Vitabu hutaja nyuzi 900 hivi za Selsiasi, na hapo wasomaji hukwama, kwa sababu chokaa inaweza kuanza kupatikana chini ya hapo, na tanuu lenye zaidi ya nyuzi 900 linaweza kutoa mawe mabichi. Ufumbuzi ni kwamba mmenyuko huu una njia mbili, kwenda na kurudi. Jiwe linapoachia hewa ukaa, chokaa iliyokwisha kupatikana iko tayari kuinyakua tena. Nani anashinda inategemea joto, na inategemea kiasi cha hewa ukaa kinacholizunguka jiwe. Karibu na nyuzi 900, hewa inayotoka jiweni inasukuma kwa nguvu sawa na kanieneo nzima ya angahewa, kwa hiyo itatoka hata kama nje hakuna kitu ila hewa ukaa tupu. Chini ya hapo inatoka ikiwa tu kuna kinachoifagia, yaani upepo unapita.

Ukilijua hilo, utalitazama tanuu la asili la pwani kwa jicho jingine. Halina kuta wala paa. Magogo hupangwa kwa duara, ncha zikielekea katikati, tabaka juu ya tabaka mpaka linakuwa jukwaa nene, na katikati linaachwa tundu toka chini hadi juu. Mawe ya matumbawe yaliyopasuliwa hurundikwa juu ya magogo. Moto hutiwa kupitia lile tundu. Mtu anaweza kudhani tundu ni la kuwashia tu, lakini ndilo pafu la tanuu: linavuta upepo kutoka chini, upepo unaupa moto oksijeni na papo hapo unaifagia hewa ukaa isikae juu ya mawe. Ziba tundu hilo na utakuwa na moto mwingi na chokaa kidogo.

Gharama ya uwazi huo ni kuni. Kulivunja jiwe mpaka upate kilo moja ya chokaa kunahitaji nishati ya karibu megajuli 3.2. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina kama megajuli 15. Kwa karatasi, basi, kilo moja ya kuni ingetosha kwa zaidi ya kilo nne za chokaa. Tanuu la wazi haliukaribii uwiano huo, kwa sababu sehemu kubwa ya joto inakwenda kuota na mbingu. Ndiyo maana palipochomwa chokaa kwa wingi miti imelipa, na mahali kama Mafia na Mtwara bahari nayo imelipa, maana matumbawe hai ni mepesi kuchoma na yana uchafu kidogo, na wachomaji wamekuwa wakiyavunja yakiwa bado yanaishi.

Ukubwa wa mawe nao una siri. Jiwe huiva kutoka nje kwenda ndani, kama kiazi kwenye majivu. Tofauti na kiazi, gamba lililokwisha kuiva limejaa vile vitundu, na kitu chenye vitundu hupitisha joto kwa shida. Kwa hiyo jiwe linavyozidi kuiva ndivyo linavyozidi kujikinga na moto. Wakati huohuo hewa ya katikati inabidi ipenye gamba zima ili itoke, na ikibanana mle ndani inauzuia mmenyuko usiendelee. Jiwe la ukubwa wa ngumi litaiva. Jiwe la ukubwa wa kichwa litakuhadaa: nje nyeupe safi, ulipasue, katikati kuna kiini kigumu, jiwe lilelile uliloliingiza.

Anayeona viini hivyo vingi hushawishika kuongeza moto, na hapo anaangukia upande wa pili. Joto likipanda mno, tuseme kupita nyuzi 1,200, punje za chokaa zinaanza kushikamana, vitundu vinazibika, jiwe linasinyaa na kuwa zito. Kikemia bado ni kalsiamu oksaidi, ila maji hayapati pa kuingilia. Ukiitia majini inakaa kimya. Fundi anadhani imeshazimika, anaichanganya na mchanga, anapiga plasta. Miezi baadaye, pengine zaidi, unyevu unaifikia ile punje kavu, inavimba, na ukuta unatoa kijipande cha duara, ndani yake kukiwa na kidoa cheupe. Nimeona ukuta wa aina hiyo ulioonekana kama umepigwa risasi za manati. Lawama ilimwendea mpaka rangi.

Baada ya tanuu ni maji. Mara ya kwanza kuona chokaa ikizimwa nilisimama karibu kuliko ilivyofaa. Lilikuwa shimo lililojaa maji nusu, na fundi mzee alikuwa akitumbukiza mabonge kwa koleo la mpini mrefu. Bonge la kwanza likazama, viputo vichache, basi. Nikainama nione vizuri. "Sogea huko, mwanangu," akasema bila kuniangalia, "jicho halinunuliwi." Haukupita muda, bonge likatoa sauti kama mafuta yaliyodondokewa na maji, likapasuka, likapasuka tena, na maji yote shimoni yakaanza kutokota. Hakukuwa na moto popote. Mvuke ukapanda, maji yakageuka meupe mazito kama tui la kwanza.

CaO + H2O → Ca(OH)2

Kilo moja ya chokaa nzuri ikizimwa inatoa joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji ya kawaida. Ndiyo sababu chokaa hutiwa majini, na maji hayamwagiwi kidogokidogo juu ya chokaa: maji machache juu ya rundo hugeuka mvuke papo hapo na kurusha uji unaounguza, na nguvu ya kuchubua ya uji huo ni kubwa vya kutosha kumpofusha mtu. Magunia ya chokaa isiyozimwa yakinyeshewa ghalani yanaweza kupata joto la kuwasha mbao zilizo chini yake.

Joto hilo lilitoka wapi? Wale wazee wa karne ya 18 hawakuwa wamekosea kabisa, jiwe kweli limekopa kitu tanuuni, na mkopo wake unahesabika. Kwa kila gramu 100 za jiwe, moto hutoa kilojuli 178 ili kulitenganisha na hewa yake. Chokaa inapokutana na maji inarudisha kilojuli 65, kwa kelele na mvuke. Zinabaki 113, na hizo zinarudishwa ukutani, polepole mno hata hakuna kiganja kinachoweza kuzihisi.

Ukutani ndiko kuna kosa la pili la kawaida. Tunasema chokaa imekauka. Maji ni kweli yanaondoka, lakini ugumu hautokani na ukavu. Chokaa iliyozimwa inaivuta hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa ile ya mwanzo:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Waliosoma sekondari wamewahi kuliona hili ndani ya glasi. Unapuliza kwa mrija kwenye maji ya chokaa yaliyo maangavu, yanakuwa meupe kama maziwa. Weupe ule ni jiwe. Umetengeneza jiwe kwa pumzi yako. Na ukiendelea kupuliza weupe unatoweka, kwa sababu hewa ukaa ikizidi majini inaliyeyusha tena, na huo ndio mwenendo uliochimba mapango ya Amboni kule Tanga, kwa muda mrefu kuliko subira ya mwanafunzi yeyote.

Ukuta unapuliziwa na anga lenye hewa ukaa kama asilimia 0.04 tu, kwa hiyo safari ni ndefu. Inahitaji unyevu kidogo, maana hewa ukaa lazima kwanza iyeyuke majini ndipo ifanye kazi. Ukuta uliokaushwa na jua kali kwa siku mbili unaganda juu na kubaki unga ndani. Ndiyo maana fundi anayejua chokaa hunyunyiza maji na kuweka kivuli, na hujenga kwa tabaka nyembamba. Kwenye kuta nene za nyumba za Mji Mkongwe, zilizoungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, kazi hiyo iliachiwa miaka. Saruji haina subira hiyo. Inashikana na maji, haingoji anga.

Turudi kwa mtoto wa dukani. Chokaa ya shambani kwa kawaida ni jiwe lililosagwa, CaCO3, halina ukali, linaila tindikali ya udongo taratibu. Ya ukutani ni iliyozimwa, na ngozi ya anayeipaka inalijua hilo. Ya tambuu pia imezimwa, na ukali wake ndio unaofungua vichangamshi vya popoo vipenye mdomoni. Kinywa cha mtafunaji kinalipa, na popoo yenyewe imeshathibitishwa kusababisha saratani. Ya uwanjani inapaswa kuwa ya jiwe lililosagwa. Uwanja uliochorwa kwa iliyozimwa ataujua golikipa wa kwanza kudaka mpira kwa kuteleza na goti lililochubuka.

Saruji nayo inaanzia mlangoni hapohapo. Jiwe linachomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, hewa ukaa inaondoka, kisha joto linapandishwa hadi nyuzi 1,450 hivi ili kalsiamu ifungane na silika. Kwa sababu hiyo, kiwanda cha saruji hata kikiendeshwa kwa jua tupu bado kitatoa hewa ukaa nyingi, na kwa kawaida zaidi ya nusu ya hewa inayotoka huko haitoki kwenye mafuta wala makaa ya mawe. Inatoka jiweni. Chokaa ya ukutani angalau hurudisha sehemu ya ilichokitoa, ingawa moshi wa magogo hauhesabiki humo.

Kuna jaribio dogo la kufanya nyumbani. Kamulia ndimu kwenye kipande cha tumbawe, kitatoa povu. Kamulia kwenye chokaa iliyotoka tanuuni leo, haitoi povu, inapata moto tu. Kamulia kwenye kipande cha plasta kilichoanguka chenyewe kutoka ukuta wa kale: povu tena. Povu la kwanza na la tatu yanafanana kwa macho, lakini hewa zake ni tofauti. Ya tumbawe ilitoka baharini. Ya plasta iliingia ukutani kutoka anga la siku zile fundi alipokuwa akiipiga, na humo ndani kuna chembe za kaboni 14, ambazo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Wanaakiolojia huitoa hewa hiyo kwa asidi, wakahesabu chembe zilizobaki, na kuukadiria umri wa jengo kwa chokaa yake. Shida yao kubwa ni mchomaji mvivu. Kiini kimoja kibichi cha mwamba wa zamani, kisichoiva kwa sababu jiwe halikupasuliwa vya kutosha, kinaingia kwenye sampuli na kaboni ya kale ambayo kaboni 14 yake imekwisha zamani, na msikiti wa miaka 600 unasoma maelfu.